Kilimanjaro Hupandwa kwa Siku, Si kwa Ubavu

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, mazungumzo ya kupanda Mlima Kilimanjaro huanza kusikika maofisini na mashuleni. Orodha za majina hupitishwa, michango hukusanywa, fulana zenye maandishi huagizwa, na mtumishi ambaye mwaka mzima safari yake ndefu ilikuwa ile ya kutoka kituo cha basi hadi mezani kwake hujikuta ameandikishwa katika msafara wa kwenda kilele cha Uhuru. Jambo lenyewe ni jema wala halihitaji kutetewa sana. Katika usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na kuwasha Mwenge juu ya Kibo, na kilele ambacho Wajerumani walikuwa wamekibandika jina la mfalme wao kikapata jina kinachoitwa hadi leo. Haipendezi kwamba mlima huo ujulikane zaidi na wageni waliovuka bahari kuliko mwalimu anayeufundisha kwa fimbo mbele ya ramani.

Hata hivyo, katika pilikapilika hizo zote limo swali moja ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni hili: msafara utakaa mlimani siku ngapi? Watu huuliza bei. Huuliza kama chakula kimo, kama kuna cheti, kama simu zinapata mawasiliano. Idadi ya siku huachwa iamuliwe na mweka hazina wa kamati, kwa kuangalia fedha zilizopatikana na likizo ambayo wakubwa wameridhia kuitoa. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba huko ni kujiandaa kinyumenyume, na kwamba siku inayopunguzwa kwa ajili ya kubana matumizi ndiyo siku inayomrudisha mtu chini akiwa kwenye machela.

Huku kwetu Bungu, katika milima ya Wilaya ya Korogwe, kasoro hii ina sura yake ya pekee. Mtu wa Bungu amezaliwa mlimani. Akitaka kwenda sokoni hushuka, akirudi hupanda, na mara nyingi hupanda akiwa na mzigo kichwani. Mwalimu anayehamishiwa huku kutoka bondeni hupata taabu miezi miwili ya kwanza, kisha naye hugeuka kuwa mwenyeji, akapanda njia za Dindira na Vugiri huku akizungumza bila kuhema. Mtu wa namna hii akiambiwa habari za Kilimanjaro hujibu kwa kujiamini kwamba mlima ni mlima, na kwamba wanaopaswa kuogopa ni watu wa Dar es Salaam na Tanga waliozoea tambarare.

Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ina hatari. Miguu ya mtu wa Bungu ni mizuri kweli. Lakini natutazame vimo. Mji wa Korogwe uko kiasi cha mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Vilele virefu kabisa vya Usambara Magharibi, kule upande wa Lushoto, viko kwenye mita 2,300 hivi. Sasa, anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanzia langoni, kwenye mita zipatazo 1,870, na usiku wa kwanza hulala Mandara, mita 2,720. Maana yake ni kwamba usiku ule wa kwanza tu, kabla safari haijaitwa safari, mtu wetu amekwisha kulala juu zaidi ya kilele chochote cha Usambara. Usiku wa pili hulala Horombo, mita 3,720. Wa tatu hufika Kibo, mita 4,700, ambako halali hasa, kwani huamshwa karibu na usiku wa manane aanze kupanda kuelekea Gilman na hatimaye Uhuru, mita 5,895. Hakuna njia yoyote ya Bungu, hata ikiwa mwinamo wake ni wa kutisha namna gani, inayoweza kuufundisha mwili habari za huko.

Wazee wetu wa Kisambaa wangelielewa jambo hili pasipo kuhitaji vipimo. Wao tangu kale walitofautisha Shambaai, yaani nchi ya juu yenye ubaridi na migomba, na nyika iliyo chini yenye joto na homa. Walijua kwamba kila kimo kina hewa yake, mazao yake na maradhi yake, na kwamba mtu aliyezoea kimo kimoja hajiamini ovyo katika kingine. Walijenga vijiji vyao pale ambapo waliweza kulima juu na chini kwa zamu. Ni ajabu kidogo kwamba wajukuu wao waliosoma ndio wanaosema mlima ni mlima.

Yafaa ieleweke ni kitu gani hasa kinachobadilika. Hewa ya kileleni ina sehemu ileile ya oksijeni kama hewa ya Tanga mjini, takriban sehemu 21 kwa mia. Kinachopungua ni mgandamizo. Juu ya Kibo mgandamizo wa hewa ni kiasi cha nusu ya ule wa pwani, na kwa sababu hiyo kila pumzi moja huingiza mapafuni kiasi cha nusu tu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea. Mwili haukubali hali hiyo ukiwa umekaa kimya. Huanza kupumua haraka zaidi, mchana na usiku. Figo nazo hurekebisha damu ili upumuaji huo wa haraka usilete madhara. Na baada ya muda mrefu zaidi chembe nyekundu za damu huongezeka. Kazi hii yote huchukua siku, na wala haiharakishwi na ujana, mazoezi, maombi au cheo. Kwa kweli vijana wenye nguvu mara nyingi ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu miguu yao huwafikisha mahali ambapo damu yao bado haijafika.

Kanuni ambayo waganga wa milimani duniani wanaikubali ni kwamba mtu akisha kupita mita 3,000, kimo cha mahali anapolala kisizidi kile cha jana yake kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kutopandisha kitanda chake. Msomaji na alinganishe kanuni hiyo na safari ya Marangu ya siku tano niliyoieleza. Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita 1,000. Kutoka Horombo hadi Kibo ni karibu mita 1,000 tena. Safari ya siku tano, kwa maneno mengine, huivunja kanuni hiyo mara mbili mfululizo, kisha humtaka mtu apande mita nyingine karibu 1,200 gizani. Si ajabu basi kwamba wanasayansi waliowapima wapandaji katika njia za Marangu na Machame waliwakuta zaidi ya nusu yao wakiwa na dalili za ugonjwa wa mwinuko: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na usingizi wa mang'amung'amu.

Dalili hizo, zikiwa hafifu, humsumbua mtu na kupita. Zikipuuzwa huzaa mambo mawili ambayo huua. La kwanza ni maji kujaa mapafuni: mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, na mwishowe hutoa mapovu yenye rangi ya damu. La pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa huyumba kama mlevi, hushindwa kutembea katika mstari ulionyooka, huzungumza mambo yasiyoeleweka, kisha huzama katika usingizi asioamka. Dawa ya kweli ya yote mawili ni kushuka, papo hapo, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana kwa macho. Uchunguzi mmoja wa madaktari ulihesabu vifo 25 vya watalii waliokuwa wakipanda Kilimanjaro kati ya Januari 1996 na Oktoba 2003. Kati ya hivyo, 14 vilitokana na maradhi haya ya mwinuko. Yaani zaidi ya nusu walikufa kwa sababu ambayo tiba yake ilikuwa ni kurudi nyuma.

Hapa msomaji wa historia atakumbuka kwamba somo hili si geni, na kwamba sehemu yake ilianzia mlangoni petu. Hans Meyer, yule Mjerumani anayetajwa vitabuni kuwa wa kwanza kufika kileleni, hakufika kwa jaribio la kwanza. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu akarudi, kwa kuwa hakuwa na zana wala matayarisho ya kuivuka. Mwaka 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann, wakapita katika Usambara hii hii, na kabla hawajaufikia mlima wakakamatwa na watu wa Abushiri waliokuwa wamesimama dhidi ya Wajerumani. Waliachiliwa baada ya kulipa fidia. Ni mwaka 1889 ndipo alipofanikiwa, akiwa na Ludwig Purtscheller, na sababu ya kufanikiwa kwake ni ya kuzingatiwa na kila kamati ya safari. Hakuja na mbio. Alipanga kambi kwa ngazi, moja chini Marangu na nyingine juu zaidi ya mita 4,000, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka chini mara kwa mara. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, wakaona kwamba muda na nguvu vimekwisha, wakashuka kambini wakapumzika. Tarehe 6 Oktoba ndipo walipokanyaga kilele. Kwa kuwa chakula kilikuwapo na siku zilikuwapo, kurudi nyuma hakukuwa kushindwa.

Katika kambi ile ya juu walibaki watu watatu, si wawili. Wa tatu alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani, ambaye aliwangojea huko kwenye baridi kali akiwa na nguo ambazo hazikulingana hata kidogo na zile za Wazungu wake. Huko Marangu nako jina la Yohani Kinyala Lauwo huheshimiwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Mto Pangani, tunaouvuka hapo Korogwe na ambao hutupa umeme wa Hale, sehemu ya maji yake hutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Naona inafaa kwamba mtu wa mdomoni mwa mto ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukaa kwenye chimbuko lake. Jina lake lastahili kutajwa madarasani, hasa katika shule za Mkoa wa Tanga.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko siku zinakoibiwa. Raia wa Tanzania hutozwa ada ya hifadhi kwa shilingi, na ada hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni. Ni utaratibu mzuri. Lakini kwa sababu ada ni ndogo, gharama kubwa ya msafara wa wananchi hubaki katika mambo mengine: chakula, usafiri, ujira wa waongozaji, ujira wa wapishi na wapagazi. Mambo hayo yote huhesabiwa kwa siku. Basi kamati inapokwenda Moshi kutafuta bei ya chini, na kampuni kumi zikashindana kuiridhisha, hakuna muujiza unaofanyika. Aliyetoa bei ya chini amepunguza siku, au amepunguza idadi ya wapagazi na kuwaongezea wenzao mzigo, au ujira wao umeliwa. Mwenyekiti wa kamati hurudi akishangiliwa kwa kuokoa fedha za wanachama. Hakuna anayemuuliza zimeokolewa kutoka mgongoni mwa nani.

Katika njia ya Marangu, tofauti kati ya siku tano na sita ni usiku mmoja wa ziada pale Horombo. Siku hiyo wapandaji hupelekwa hadi kwenye miamba yenye milia, juu kidogo ya mita 4,000, kisha hurudishwa Horombo kulala. Kwa asiyejua huonekana kama siku ya kupoteza wakati, na nimesikia watu wazima wakiilalamikia. Siku hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Njia ya Machame, inayochukua siku sita au saba, ina faida kwamba siku ya tatu mtu hupandishwa hadi Lava Tower, mita zaidi ya 4,600, halafu hushushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Lemosho, ya siku saba au nane, huingia kwa utaratibu zaidi. Njia hizo ni za mahema, zinataka wapagazi wengi na zinagharimu zaidi. Kwa kundi la walimu wenye mfuko mdogo, rai yangu ni Marangu ya siku sita, na kama fedha hazitoshi, waahirishe mwaka mmoja wakaendelea kuchanga. Upatu na vyama vyetu vya akiba na mikopo vimejenga nyumba na kusomesha watoto. Haviwezi kushindwa kununua usiku mmoja wa Horombo.

Wakuu wa idara nao wanapaswa kuambiwa. Mtumishi akiomba ruhusa ya siku saba na akapewa nne kwa sababu kazi zimekusanyika, asipande. Bora abaki amalize hizo kazi. Walimu wana bahati ya likizo ya Juni, ambayo huangukia baada ya mvua za masika, wakati njia zimekauka ingawa usiku huwa na baridi kali. Desemba tunaipenda kwa heshima ya sikukuu yetu, lakini mara nyingi mvua za vuli huwa bado zinaning'inia mlimani, na mpandaji aliyelowa katika msitu wa Mandara huamkia Horombo akiwa na nguo mbichi. Sioni kwamba bendera ingekasirika ikitembelewa mwezi Juni.

Kuhusu afya, pana mambo mawili yanayotuhusu sisi wa Korogwe na Handeni kuliko watu wengi wengine, na vitabu vya watalii huyagusia kwa shida. Mabonde yetu yamekuwa ya malaria tangu zamani, na mahali penye malaria ya muda mrefu ndipo wanapopatikana kwa wingi watu wenye chembe za urithi za selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu hafai kabisa kwenda kwenye vimo hivyo. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye huishi maisha yake yote bila kuumwa na pengine bila kujua, naye anaweza kupatwa huko juu na maumivu makali ya wengu kutokana na uhaba wa oksijeni. Kipimo cha damu ni chepesi. Kifanywe kabla ya jina kuandikwa kwenye orodha, pamoja na kupima shinikizo la damu, moyo na wingi wa damu, hasa kwa sisi tuliovuka miaka 40 na tunaojisifia kwamba hatujawahi kulazwa. La pili ni homa. Mtu anaweza kuondoka Korogwe na vimelea damuni, homa ikamshika Horombo, wenzake wakadhani ni mlima. Daktari aulizwe mapema juu ya hilo. Aulizwe vilevile juu ya asetazolamidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, na mtu ambaye hudhurika na dawa za salfa amwambie. Vidonge vya kuazima kwa jirani kambini si tiba.

Mavazi nayapitia kwa haraka, maana si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Usiku wa kileleni baridi huwa chini ya sufuri kwa nyuzi kumi na zaidi, na upepo huongeza. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi, vikilowa jasho, humgandisha mtu. Sweta za sufu, jaketi nzito, glovu na kofia za kufunika masikio hupatikana katika mitumba ya Manundu kwa yeyote mwenye subira ya kupekua. Yasiyopatikana, kama vile mfuko wa kulalia na koti zito la usiku wa mwisho, hukodishwa Moshi. Viatu ndivyo visivyofaa kuazimwa. Vinunuliwe mapema, vivaliwe miezi mitatu katika njia za Bungu, mpaka mguu na kiatu vielewane. Kila mmoja awe na tochi ya kichwani, maji ya lita tatu au nne kwa siku, na miwani ya jua, kwani theluji huunguza macho.

Mazoezi yaanze miezi minne kabla. Hapa ndipo Bungu inapolipa: Jumamosi moja mtu apande kutoka bondeni akiwa na shanta ya kilo saba, Jumapili ashuke, na wiki zifuatazo aongeze mwendo badala ya kasi. Magoti huumizwa na kushuka kuliko kupanda. Kupanda na kushuka huku kutaupa moyo na miguu uwezo, na mtu akisha kuwa nao, kazi yake mlimani ni kuuzuia usimharakishe. Aliyezoea kuwatangulia wenzake njiani itambidi ajifunze kutembea kama anayesindikiza mgonjwa.

Kuna jambo moja linalowahusu wakubwa, nalo sitalizungushia maneno. Katika misafara ya taasisi huwamo mkurugenzi, ofisa elimu, pengine na mkuu mwenyewe. Mwongozaji, ambaye sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kupanda bila yeye, huenda akawa kijana wa miaka 28 kutoka Marangu au Machame. Kijana huyo anapomwambia mkurugenzi, "Mzee, wewe unashuka," mkurugenzi hujibu nini? Na wale walio chini yake, ambao wamezoea kusema ndiyo, watamsaidia nani? Heshima tuliyolelewa nayo humfanya kijana asite, na dakika za kusita huko ndizo zenye hatari. Kabla ya kuondoka langoni, kiongozi wa msafara awatangazie watu wake wote mbele ya mwongozaji kwamba neno la kijana huyu juu ya kushuka ndilo la mwisho, na kwamba linaanzia kwake yeye mkubwa. Kila jioni kila mtu aulizwe hali yake faragha, si mbele ya hadhara, maana mwalimu mbele ya mwalimu mkuu wake hatakiri kwamba anaumwa kichwa. Na zile bahasha na zawadi zinazotolewa kwa waliofika kileleni pekee, zifutwe. Zimewasukuma watu mbele wakati miguu yao ilikuwa inawaambia warudi.

Nimewaacha wapagazi mwishoni kwa makusudi, kwa kuwa kamati nyingi huwakumbuka mwishoni. Ule uchunguzi wa 1996 hadi 2003 niliotaja uliwahesabu watalii. Wapagazi hawakuwa katika hesabu hiyo, ingawa mapafu yao ni kama yetu na nguo zao mara nyingi ni duni kuliko zetu. Wapo wanaodhani kwamba Mchagga hahisi baridi. Mpagazi hulala kijijini kwake, katika migomba, kwenye mita elfu moja na mia kadhaa, na akiitwa kazini baada ya majuma mawili ya kukaa nyumbani huanza kuzoea mwinuko upya kama sisi, isipokuwa yeye ana mzigo na anatakiwa atangulie kufika kambini. Hifadhi imeweka mpaka wa kilo 20 kwa mzigo anaobebeshwa, na mizani ipo langoni. Tangu mwaka 2003 limekuwapo Moshi shirika la kuwasaidia wapagazi, KPAP, ambalo huwaazima nguo za baridi na kufuatilia makampuni yanavyowatendea. Msafara wa wananchi, tena wa watumishi na walimu, ungepaswa kuwa mfano kwa wageni katika jambo hili. Mara nyingi hali huwa kinyume: mgeni hutoa bakshishi, nasi tunasema sote ni ndugu.

Kwa hiyo kamati ya Bungu inayokusudia kwenda Juni, na ianze Januari. Madaktari wawaone watu Februari, ili asiyefaa arudishiwe mchango wake mapema bila aibu. Machi wawili miongoni mwao waende Moshi kuzungumza na makampuni, wakiwa na maswali matatu yaliyoandikwa: siku ngapi, wapagazi wangapi, na kila mpagazi atalipwa kiasi gani kwa siku. Majibu yaandikwe katika mkataba. Siku ya kuondoka, basi likisha kukata kona ya Himo na kufika Marangu, mwenyekiti asimame penyewe kwenye mizani ya lango akiwa na daftari, aone kila mzigo ukipimwa na amwulize kila mpagazi jina lake, kama ana koti na mahali pa kulala. Siku ya mwisho, watakaporudi langoni hapo, bakshishi itolewe mkononi mwa kila mmoja kwa majina yaliyo katika daftari hilo, wakiwamo wale waliomsindikiza chini mwenzetu aliyeugua na hawakuwapo kwenye picha.